M5, AMG, RS6, 911 au IS F: chagua ugonjwa unaoweza kuutibu

Gari la kifahari lenye mbio likishatimiza miaka kumi na mitano, bei yake hushuka hadi kukaribiana na ya gari dogo jipya lisilo na makuu. Hapo ndipo wengi tunaponaswa. Kilichoshuka ni bei ya gari peke yake. Tairi bado ni zile pana, diski za breki bado ni kubwa kama sinia, injini bado ina silinda nane au kumi za kunywesha, na muuza spea hakuulizi gari ulilipata kwa kiasi gani.

Mimi mtego huo niliuingia kwa miguu yangu miwili. Gari la kwanza la aina hii nililonunua, ambalo chapa yake sitaitaja, nililipendea sauti. Liliwashwa mara moja, nikatia sahihi. Haikupita miezi mitatu likawa juu ya lifti, sampu (beseni la oili chini ya injini) imefunguliwa, na fundi ananionyesha unga wa chuma unaong'aa ndani ya oili kama daktari anayekuonyesha picha ya eksirei. Tangu siku hiyo siulizi gari lina farasi wangapi kabla sijauliza linaumwa nini.

Ndiyo maana ulinganisho huu unaanzia gereji. Magari sita ninayoyapanga hapa yote yana kasi kuliko barabara nyingi zinavyoruhusu, kwa hiyo kasi haitatusaidia kuchagua. Yanapotofautiana ni kwenye maradhi. Kuna maradhi yanayojitangaza mapema na kutibika kwa gharama inayojulikana, na kuna yanayokaa kimya mpaka siku injini inapokufa.

| Gari | Miaka | Injini | Nguvu | Giaboksi |
|---|---|---|---|---|
| BMW M5 (E60) | 2005–2010 | V10 lita 5.0 | farasi 507 | SMG, gia 7 |
| Mercedes E55 AMG (W211) | 2002–2006 | V8 lita 5.4, supachaja | farasi 476 | otomatiki, gia 5 |
| Mercedes E63 AMG (W211) | 2006–2009 | V8 lita 6.2 | farasi 514 | otomatiki, gia 7 |
| Audi RS6 (C6) | 2008–2010 | V10 lita 5.0, turbo 2 | farasi 580 | otomatiki, gia 6 |
| Porsche 911 Carrera S (997) | 2004–2012 | silinda 6 za kulala, lita 3.8 | farasi 355, baadaye 385 | gia 6 za mkono, au Tiptronic (otomatiki), baadaye PDK (klachi mbili) |
| Lexus IS F | 2007–2014 | V8 lita 5.0 | farasi 423 | otomatiki, gia 8 |

Nguvu nimeziandika kwa kipimo cha Ulaya. Ukikuta tarakimu za Marekani ziko chini kidogo, gari ni lilelile.

BMW M5

Nianze na linalowatia watu wazimu kuliko yote. Injini yake, kwa jina la kiwandani S85, ni V10 isiyo na turbo inayopanda hadi mizunguko 8,250 kwa dakika. BMW haikuwahi kuuza gari lingine la barabarani lenye V10 isipokuwa hili na ndugu yake M6. Ukiliwasha linakupa farasi 400 tu; hao wengine wanangoja ubonyeze kitufe. Mwenye M5 aliyekwambia habonyezi kitufe hicho kila siku anakudanganya.

Ugonjwa wake mkubwa ni beringi za konrodi, zile zinazokaa kati ya konrodi (mkono unaobeba pistoni) na krenki (shafti kuu ya injini). Nafasi iliyoachwa hapo ni finyu, na oili iliyoagizwa na kiwanda ni nzito, 10W-60, ambayo ikiwa baridi haipenyi upesi. Mtu anayewasha gari alfajiri na kukanyaga mafuta kabla oili haijapata joto anazisaga beringi kidogo kidogo, na dashibodi haitawasha taa yoyote kumwonya. Siku beringi inapogeuka mahali pake, konrodi inaweza kutoboa bloku. Hapo hutafuti spea tena, unatafuta injini.

Lakini ona faida ya ugonjwa unaojulikana. Beringi hizi hubadilishwa kwa chini, sampu ikifunguliwa na fremu ndogo ya mbele ikiteremshwa, bila kutoa injini. Wamiliki wengi wanaihesabu kazi hii kuwa sehemu ya matunzo, gari likikaribia kilomita 100,000. Kwa hiyo M5 yenye kilomita 140,000, risiti ya beringi mpya na picha za zile zilizotolewa, naiweka mbele ya M5 yenye kilomita 60,000 na viti visivyo na mkunjo. Ile ya pili bado ina deni, ila deni halijaandikwa popote. Kama muuzaji hana risiti, tuma oili maabara ipimwe. Risasi na shaba zikionekana kwa wingi kwenye majibu, beringi ndizo zinazoliwa.

Baada ya beringi kuna ndugu zake wadogo. Mota mbili zinazofungua njia za hewa zina gia ndogo ndani ambazo huchakaa, na zikishindwa gari linapunguza nguvu lenyewe na kutambaa. Mfumo wa VANOS, unaosogeza muda wa kufunguka kwa vali, hutumia oili yenye mgandamizo mkubwa, na bomba zake na pampu yake si vitu vya kupuuza.

Halafu ipo giaboksi. SMG watu huichanganya na otomatiki kwa kuwa haina pedali ya klachi, kumbe ndani yake ni giaboksi ya gia za mkono yenye klachi moja ya kawaida, ambayo inakanyagwa kwa niaba yako na pampu ya haidroliki. Kwenye barabara wazi ukikanyaga mafuta inabadilisha gia kwa kishindo kitamu. Kwenye foleni inateseka. Kila unaposogea mita tatu klachi inasuguliwa, na kila inaposuguliwa unalipa kidogo. Pampu yenyewe ikifa, gia hazibadiliki na gari linabaki lilipo. Amerika Kaskazini M5 hii iliuzwa pia na gia 6 za mkono, na anayeweza kuipata hiyo amejiondolea ugonjwa mmoja mzima.

Mafuta nayataja tu. Kiwanda chenyewe kilikiri karibu lita 15 kwa kilomita 100, na tangi ni la lita 70. Mjini lita 20 si ajabu. Utafahamiana na wauza mafuta.

Mercedes mbili: ya zamani dhidi ya mpya

E55 na E63 zimevaa bodi moja ya W211, na muuzaji atakwambia E63 ni toleo lililoboreshwa. Kwa anayenunua likiwa jipya, sawa. Kwa anayelinunua la mkono wa tatu, mizani inageuka.

E55 ina V8 ya lita 5.4 inayosukumiwa hewa na supachaja, na torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, ni 700 Nm. Ni nguvu inayokuja bila kelele na bila kungoja. Mzizi wa injini hii ni V8 ya kawaida iliyowekwa kwenye Mercedes nyingi za wakati huo, yenye vali tatu na plagi mbili kwa kila silinda. Ndiyo, plagi 16, na fundi atazihesabu zote siku ya sevisi. Injini yenyewe ni ngumu kufa. Giaboksi yake ya gia 5 ilionekana ya kizamani hata wakati huo, ila ndiyo inayobeba hiyo torki bila kulalamika, mradi oili yake ibadilishwe. Kuna kipindi watu waliaminishwa kuwa oili ya giaboksi hii ni ya maisha yote. Maisha ya nani, hawakusema.

Kinachoumwa kwenye E55 kinazunguka injini. Pampu ndogo ya umeme inayozungusha maji ya kupoza hewa ya supachaja huchoka. Hewa inabaki ya moto, kompyuta inapunguza nguvu, na mwenye gari anadhani injini imezeeka. Ni dawa rahisi kuliko hofu yake. Sasipensheni ya hewa ni jambo zito zaidi. Shokapu moja ikianza kuvuja, kompresa hufanya kazi usiku na mchana kufidia, mwisho nayo inaungua. Ukilikuta gari limelala upande mmoja asubuhi, hesabu shokapu na kompresa kwa pamoja.

Kisha breki. E55 ina mfumo wa SBC, ambapo pedali inatuma ujumbe wa umeme na pampu ndiyo inayobana breki. Mwaka 2004 Mercedes iliita gereji magari takriban 680,000 kwa ajili ya mfumo huu. Kompyuta huhesabu mara pampu inavyofanya kazi, na hesabu ikifika kikomo inawasha onyo hata kama unaona breki zinashika vizuri. Uliza pampu ilibadilishwa lini. W211 zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2006 zilirudishiwa breki za kawaida za haidroliki, na E63 ilizaliwa baada ya hapo, kwa hiyo hapa imeshinda bila ubishi.

Lakini injini ya E63 ina kesi yake. Hii, M156, ndiyo injini ya kwanza ambayo AMG, idara ya Mercedes ya magari ya mbio, waliibuni yote wenyewe, bila kuazima bloku ya Mercedes. Ni lita 6.2 ingawa nembo inasema 63, kwa heshima ya 6.3 ya zamani, hilo tuwaachie. Sauti yake sijaisikia kwenye V8 nyingine. Tatizo ni bolti za silinda hedi katika injini za miaka ya mwanzo. Vichwa vya bolti huweza kukatika, maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda, na kinachofuata hakihitaji maelezo. Kuna pia kuchakaa kwa tapeti na kemshafti, zinazofungua vali, na gia za kurekebisha muda wa vali. Dalili yake ni mlio wa kugongagonga injini ikiwashwa baridi.

Bolti za aina mpya zipo, na gari lililokwisha kuwekewa linauzwa kwa kujigamba, kwa haki kabisa. Kama halijawekewa, unatakiwa uamue ulifanye kabla ya safari ya kwanza ndefu au uendelee kutazama kijaluba cha maji kila asubuhi. Maji yakipungua bila tone chini ya gari, yanakwenda mahali.

Kati ya hizi mbili, mimi nachukua E55. Maradhi yake yapo nje ya injini, na hicho ndicho kipimo changu. Mwenye moyo wa kusikia V8 isiyo na supachaja ikipanda achukue E63 yenye risiti ya bolti na tapeti, na asikubali "fundi wangu aliangalia" badala ya risiti.

Audi RS6

Sitakaa sana hapa. Farasi 580, torki 650 Nm, nguvu kwenye tairi zote nne, mizigo ya familia nzima nyuma. Siku za mvua hakuna hata moja katika orodha hii litakaloiona. Ila wahandisi waliisukumia V10 yenye turbo mbili kwenye pua fupi mpaka nafasi ya mkono ikaisha, na kazi nyingi ambazo kwa gari lingine ni za mchana mmoja, hapa zinaanza kwa kutoa injini. Gharama ya fundi inazidi ya kipuri. Shokapu zake za DRC zimeunganishwa kwa mabomba ya oili kutoka kona moja ya gari hadi ya pili kwa mshazari, na zikivuja wengi huishia kuzing'oa na kuweka za kawaida. Na kwa kuwa mafuta hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, vali za kuingiza hewa haziogeshwi na petroli, zinashika masizi.

RS6 ni ya mtu mwenye gari la pili na fundi wa Audi ambaye hana wateja wengi.

Porsche 911

Hapa hadithi ni tofauti, na imenibadilisha mawazo zaidi ya mara moja. 911 ya kizazi cha 997 ni ghali kununua kuliko nyingi katika orodha hii kwa umri uleule. Haikuanguka bei kama wenzake. Mnunuzi anayetazama bei ya kuanzia tu ataikimbilia RS6 au M5 na kupata farasi wengi zaidi kwa fedha kidogo. Lakini fedha uliyoingiza kwenye 911 nzuri bado ipo siku ya kuuza, na ile uliyoingiza kwenye sedani ya tani mbili ilikwishageuka masizi na vumbi la breki. Tena uzito wa Carrera S hauzidi sana kilo 1,400, kwa hiyo tairi na pedi zinadumu kuliko unavyotarajia kwa gari lenye jina hilo.

Maradhi yake yanagawanyika kwa mwaka, na hapa ni lazima ujue unachonunua. Injini za M96 na M97, zilizowekwa kwenye 911 za kizazi cha 996 na 997 za mwanzo, zina shafti ya kati inayoshikiliwa na beringi inayoitwa kwa kifupi IMS. Ikivunjika, muda wa vali unapotea na injini inajiharibu yenyewe. Katika 996 ya zamani beringi hiyo ilikuwa ndogo na ikawaua wengi. Katika 997 nyingi zilizofuata iliwekwa kubwa zaidi, ambayo hufa kwa nadra, ila haitoki bila kuigawa injini nusu mbili. Linalozitesa zaidi 997 za lita 3.8 za mwanzo ni kukwaruzika kwa kuta za silinda. Dalili ni oili inayopungua, mlio wa tiki-tiki, na bomba moja la ekzosi kuwa na masizi kuliko mwenzake. Kuthibitisha, fundi huingiza kamera nyembamba ndani ya silinda. Ukiambiwa hakuna haja ya kamera, wewe ndiye mwenye haja nayo.

Kuanzia mwaka wa modeli 2009, Porsche ilileta injini mpya kabisa isiyo na shafti ile wala beringi yake, yenye kupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, pamoja na giaboksi ya PDK ya klachi mbili. Mimi ningepunguza vikorombwezo vyote, nikakubali rangi nisiyoipenda, ilimradi nipate ya 2009 kwenda juu. Upande mwingine, 911 Turbo na GT3 za awamu ya kwanza ya 997 zinatumia injini ya ukoo wa Mezger (jina la mhandisi wa Porsche aliyeibuni), ambayo haina shida ya IMS, ila viungio vya bomba zake za maji vilibandikwa kwa gundi, na gundi ikichoka maji yote yanamwagika kwa mpigo. Wengi huvichomelea au kuvifunga kwa pini injini inaposhushwa kwa kazi nyingine.

Kuna jambo moja ninalolipenda kwa 997 ambalo ni vigumu kulipata kwingine: kompyuta yake inakumbuka dhambi. Mtu wa gia za mkono akikusudia gia ya nne akaingiza ya pili, injini inazungushwa kupita kikomo chake, na tukio hilo linaandikwa katika ngazi sita pamoja na saa ya injini lilipotokea. Fundi mwenye mashine ya PIWIS anasoma ripoti hiyo kwa dakika chache. Ngazi za chini si kitu. Ukiona namba katika ngazi ya nne, ya tano au ya sita, na ni za hivi karibuni, shukuru na uondoke.

Lexus IS F

Hili ndilo gari ambalo watu huliruka katika ulinganisho kwa sababu nembo haiwapi homa. V8 ya lita 5.0, silinda hedi zilizotengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha, otomatiki ya gia 8, breki za Brembo. Ukibadilisha gia kwa mkono, toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) inafungwa kuanzia gia ya pili, na kubadilisha gia kwake hakuaibiki mbele ya Wajerumani wale.

Maradhi yake ni ya aina ambayo ukiyasikia unacheka: pampu ya maji inayovuja, bamba lililo chini ya manifoldi ya hewa ambalo huweza kuvujisha maji, bushi za mikono ya mbele. Hakuna hata moja linalotoboa bloku. Ubaya wake ni wa kila siku: sasipensheni ngumu, hasa kwa matoleo ya mwanzo, nafasi finyu ya nyuma, na ndani mwake ambamo kwa macho ya leo ni Toyota iliyovaa vizuri. Tena mashine ya kupimia ya Toyota ndiyo hiyohiyo inayoisoma, kwa hiyo mafundi wanaoijua ni wengi kuliko wa PIWIS au wa Xentry ya Mercedes.

Hilo la mafundi litilie maanani kuliko namba zote za jedwali. Kabla ya kuchagua gari, mtafute anayelitengeneza, umpigie simu, umuulize mara ya mwisho alifungua injini ya namna hiyo lini. Akisema "gari ni gari tu", ongeza mtu huyo kwenye orodha ya hatari zako.

Yasiyokwepeka kwa yote

Tairi. M5 ina 255/40 R19 mbele na 285/35 R19 nyuma, na mengi katika orodha hii yana mpangilio kama huo, nyuma pana kuliko mbele. Maana yake huwezi kuzihamisha mbele kwenda nyuma ili zilike sawa, na za nyuma zitaisha kwanza, daima. Tairi za bei ya chini kwenye gari la farasi 500 ni ushahidi: mwenye gari alipoishiwa kwenye kitu unachokiona, fikiria alifanya nini kwenye usichokiona. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. Tairi yenye meno marefu na umri wa miaka minane inasubiri kutupwa.

Breki za kauri, kama gari unalolitazama linazo, ni utajiri mpaka zitakapoisha. Omba zipimwe. Diski moja iliyopasuka ukingoni inaweza kufuta punguzo lote ulilojivunia.

Bima piga simu kabla. Majina ya RS, M na AMG yana safu yao kwenye vitabu vya kampuni za bima.

Na akiba. Kanuni yangu binafsi: nikimaliza kulipa gari nibaki na fedha isiyopungua robo ya bei yake, imekaa kando, kwa ajili ya mwaka wa kwanza pekee. Kwa RS6 ningetaka nusu. Asiyeweza hivyo ashuke daraja moja, achukue BMW ya silinda sita au Mercedes isiyo ya AMG, atafurahi zaidi.

Nani achukue lipi

Mwenye gari moja tu, anayeendesha kila siku na kupita foleni: IS F. Nikisema hivi rafiki zangu huguna, kisha hunipigia simu wakiwa wamesimama kando ya barabara.

Anayetaka nafasi ya watu wanne, utulivu wa safari ndefu na nguvu isiyo na papara: E55, baada ya kukagua pampu ya SBC na sasipensheni.

Anayetaka gari la kuendesha kwa raha Jumapili na asipoteze fedha siku ya kuuza: 911 ya 2009 au zaidi, hata ikimlazimu asubiri mwaka mzima aweke akiba.

Anayetaka kusikia mizunguko 8,250 kabla hajazeeka: M5, beringi kwanza, matembezi baadaye. Awe na gari lingine la kwendea kazini. E63 ipo karibu naye kwa masharti yaleyale ya risiti.

RS6 nimeshasema.

Siku ya kulitazama

Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kuliona likiwa limepoa, halijawashwa tangu jana yake. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Mlio wa tapeti za E63, moshi wa buluu wa 911 iliyokwaruzika, mlalo wa E55 upande mmoja: yote haya yanaonekana katika dakika mbili za kwanza za injini baridi na kupotea likishapata joto. Nimewahi kufika saa mbili asubuhi na kukuta boneti ina joto la kuanikia nguo. Muuzaji akasema amelisogeza kidogo tu nilione vizuri. Nilimwambia nitarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajaamka. Akaniambia kesho hatakuwepo.